Tone la Mwisho

Miaka kumi na tisa nimesuuza mapafu
machinjioni Paysandú, chumba cha nne:
buti za mpira, maji ya chumvi, baridi ya kukata vidole.
Unapitisha mrija kooni, unafungua bomba,
pafu la ndama linaumuka kama mkate,
kisha unakamua, taratibu,
na povu jeupe linashuka pipani.
Alhamisi lori huja. Linabeba. Linaondoka.
Sikuuliza. Nilidhani ni mambo ya krimu za uso,
mabibi wa Montevideo na makunyanzi yao.

Juni, usiku wa jelidi, Maristela akajifungua
wiki ya ishirini na saba.
Gramu mia tisa na kumi. Njiti,
na kweli njiti: upepo mmoja tu, basi.
Kifua kilibonyea kila alipovuta,
mbavu zikahesabika kama za mwavuli uliopinduka.

Daktari Yrigaray, kijana, kiatu kimoja kimeachama,
alinichorea nyuma ya risiti.
Maji yanapendana, mzee. Yanashikana mikono.
Ndani ya pafu kuna vifuko, hata punje ya chumvi ni kubwa kwake,
na kila kimoja kimepakwa maji.
Pumzi ikitoka, maji yanafunga mlango,
kuta zinagandana kama mifuko ya nailoni iliyolowa.
Kila pumzi yake ni ya kwanza. Anachoka.

Kisha akachora kitu kama kiluwiluwi:
kichwa kinapenda maji, mkia unayakimbia,
basi kinasimama mpakani, kichwa majini, mkia hewani,
na wenzake bega kwa bega,
hadi maji yanasahau kushikana.

Nilimwelewa kuliko alivyodhani.
Mama yangu alitoka ng'ambo ya mto, Argentina,
baba wa huku. Mezani nilikalishwa katikati
ili wasivutane.

Alipotoa kichupa, mililita tatu na kitu,
nilikijua kabla hajakitikisa.
Inatoka wapi hii?
Mapafu ya ndama.
Nikaficha mikono mifukoni, sijui kwa nini.

Mrija kooni, kama ule wangu.
Nusu upande huu; wakamgeuza; nusu upande ule.
Dakika ya saba kifua kikaacha kubonyea.
Zambarau ya kwenye kucha ikatoka
kama doa la divai kitambaani, shingo upande.

Wanasema damu ni nzito kuliko maji.
Povu ni jepesi kuliko vyote viwili,
na ndilo lililoweka mguu mlangoni.

Jumatatu nimerudi chumba cha nne.
Zamani maji ya mwisho niliyamwaga sakafuni,
machache tu, na zamu inaisha.
Sasa nainamisha pafu, natulia.
Olascoaga, msimamizi, anafoka:
Unafanya nini, Etcheverry, unalea?
Simjibu.
Tone linavutika, linarefuka, linakataa kuachia.
Nalingoja.