Ziwa Lenye Kifuniko

Video iliingia saa nne asubuhi, nikiwa mwaloni Kirumba,
nyundo mkononi, navunja barafu ya sangara wa watu.
Kwenye kioo: Lushinge, mdogo wangu,
amekaa juu ya ndoo katikati ya ziwa.
Juu ya ziwa, nasema. Si ndani ya mtumbwi.
Wakwe zake wamemzunguka, pua nyekundu,
wamekoka moto, moto! juu ya maji,
na gari limeegeshwa hapo kama liko stendi ya Buzuruga.

"Dada, huku Ufini tunatoboa."
Akainua keekee ndefu kama mtaimbo.
Tundu lenyewe halizidi mdomo wa sufuria ya uji.
Mshipi unashuka humo, mtu anangoja,
anakunywa kahawa, anaulizia watoto wa mwenzake, anangoja.

Jioni nikaipeleka Luchelele.
Mama aliitazama mara tatu, simu kaishika mbali na macho.
"Hilo ziwa wamelifunika?"
"Limejifunika lenyewe, Mama. Baridi."
"Na watu wanalikanyaga."
"Na magari."
Akarudi kwenye ungo, akachagua mawe kwenye mchele,
kisha akaiomba tena simu, aone nyayo:
kutoka ukingoni hadi kwenye ndoo, moja moja,
za mwanawe, hazijafutika.
Ziwa letu halijawahi kumtunzia mtu unyayo.

"Baba yenu," akasema,
"usiku ule angelikuta limefunga hivi,
angerudi kwa miguu."

Birika lilichemka mpaka likamwagikia jikoni.

Jumapili nikaomba kiwandani bonge lililomeguka pembe.
Nikalizika kwenye pumba za mpunga, nikalivika gunia,
bodaboda akalalamika hadi Nyegezi
kwamba jiwe langu linamkojolea mgongoni.
Shangazi Nyabise alikuja na michembe na karanga,
Shija na Kwandu wakachoma nondo kwenye makaa
wakaitumbukiza katikati ya bonge:
chwaaa, na mvuke, na kelele za watoto wa jirani
ambao hakuna aliyewaalika.

Tukaliweka baina ya mawe mawili, maji ya magoti.
Mama akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa,
amevaa koti la Lushinge, lile aliloliacha msumarini
akisema huko aendako halifai kitu.
Jua la saa saba. Jasho likimtiririka.
"Mnipige picha nikiwa nasikia baridi," akasema,
akajikunyata, tukacheka mpaka shemeji akaangusha simu.

Kisha akateremsha mshipi kwenye tundu
na uso wake ukabadilika.
Mnandi juu ya jiwe akageuza shingo,
mvuvi akimchungulia mvuvi.
Hakuna aliyetuambia tunyamaze.

Barafu ilikuwa meza, ikawa tofali,
ikawa kipande cha sabuni ya kufulia.
Tundu likapanuka, likapanuka,
mpaka tundu ndilo likawa ziwa.
Mama hakuinua mkono.
Alikuwa anaongea, sijui na nani,
kwa Kisukuma cha chini chini, kile cha kuulizia habari za safari,
na kuna mahali alikaa kimya kidogo
kama mtu anayepisha jibu.

Ndipo mshipi ukavutwa.
Furu, saizi ya kidole gumba,
anayemeta kama kifungo cha shati la sikukuu.
Akamtoa ndoano polepole, akamtazama jicho hili,
akamgeuza, akamtazama lile,
akamrudisha.

"Mtumieni Lushinge," akasema, akivua koti.
"Mwambieni huku kwetu mlango haujui kufungwa."
Akakamua pindo la khanga. Akapiga hatua mbili kuelekea nyumbani,
akasimama.
"Na akanyage taratibu.
Lile nalo ni ziwa."