Matundu Sita

Niliinunua kwa Mwasaburi, karani mstaafu wa mizani,
alipokuwa akifunga virago kurudi Njombe.
Laki nne, pamoja na mfuko wake wa ngozi
unaonuka dawa ya mende.
"Mpini umepasuka kidogo," alisema, "roho yake nzima."
Nikaizungusha. Ikalia kama saa ya ukutani ya marehemu baba.

Kisha barua ya serikali ya mtaa,
picha nne za pasipoti, vidole kumi kwenye wino,
na siku thelathini na tisa za "njoo kesho".
Siku ya arobaini nikapita Tandika na kibali mfukoni,
kifua mbele,
mithili ya mtu aliyeoa bila mahari.

Kumbe mahari ilikuwa inaningoja mjini,
ghorofa ya pili, nyuma ya nondo,
kwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba.
"Boksi la hamsini, laki tatu na ishirini."
Nilidhani ni feni imenipotezea maneno.
"Laki tatu na ishirini, baba. Zinatoka mbali."
"Basi nikatie sita."
"Sita? Kama maandazi?"
Lakini alinikatia, elfu saba kila moja,
maana rejareja ina adabu yake.
Akaziviringisha kwenye karatasi ya risiti.
Nikashuka ngazi nikihesabu:
risasi moja, kilo tatu za sembe
na chenji ya dagaa.

Koplo Ngwatu, anayefundisha shabaha,
anasema mkono haujui kitu mpaka upige hamsini.
Mimi nilipiga mbili.
Ya kwanza ilizama kwenye tuta la mchanga.
Ya pili ilimtoboa sikio mtu wa karatasi.
"Rudia," akasema Ngwatu.
Nikamwambia nimeshaelewa.

Zikabaki nne.
Usiku najizoeza na matundu matupu,
tak, tak, tak,
na Tabu, kutoka upande wake wa kitanda, ananiuliza:
"Unamuua nani kwa bei hiyo?"

Sikumjibu, maana nilikuwa nacheka peke yangu gizani.
Miaka kumi na moja nauza gesi.
Mtungi nampa mteja kwa bei ya kirafiki,
nampa na jiko la kuanzia,
namfuta vumbi mpaka anang'aa,
halafu nakaa kwenye stuli yangu, namsubiri mwezi ujao.
Mchezo huu naujua.
Sikujua tu ukoje ukiwa upande wa pili wa dirisha.

Wiki ile ile ya mvua, saa tisa usiku,
mnyororo wa mitungi ukalia uani.
Nikasimama dirishani na bastola.
Nikamwona: mgongo mwembamba, kandambili mkononi,
anajitwisha mtungi mtupu, ule mdogo.
Kinywa changu kilitakiwa kupiga kelele.
Badala yake kilikuwa kinapiga hesabu:
ya kutisha hewani, elfu saba;
ikibidi nyingine, kumi na nne;
nikikosa, na nitakosa, ishirini na moja;
nikipata, wakili, kituo, maiti ya mtoto wa mtu.
Mtungi mtupu, elfu thelathini.
Akaruka ukuta nikiwa bado nawaza sifuri.

Jumanne akaja kijana dukani,
mtungi begani, umefunikwa na gunia.
Aliugeuza mwenyewe. Chini yake,
alama yangu ya rangi nyekundu, T na nukta.
Hakuijua. Alikuwa anatazama ubao wa bei.
"Kujaza huu shilingi ngapi?"
Nikamtajia.
Akakuna kichwa, akatazama barabarani,
akatazama mtungi kama mtu aliyeuziwa punda
na sasa anaoneshwa bei ya majani.
"Hamuuzi nusu?"

Ndani ya droo, chini ya kiwiko changu, nne zangu zilikuwa kimya.
"Hatuuzi," nikasema.
Kisha nikamsogezea stuli.
"Kaa kwanza. Una ngapi?"