Diski ya Arobaini

Ya kwanza ilikufa ikiwa asilimia tisini na saba.
Trei iliitema kama mtoto atemavyo uji,
na kioo kikaandika: kosa lisilojulikana.
Bi Tsisana, mkoba mapajani, koti jeusi hajalivua,
akauliza, "Lisilojulikana na nani?"
Sikuwa na jibu. Nikafungua ya pili.

Kutaisi, Februari. Mvua juu ya bati la karakana,
umeme unakonyeza.
Jumamosi ni arobaini ya Jumberi, mumewe,
na watakaokuja wanataka kumwona tena
akiwa kichwani mwa meza, pembe ya divai mkononi,
akiwaombea heri walio hai, waliotangulia, na wasiozaliwa bado,
dakika mia moja na nne, picha ikiyumba
kwa kuwa aliyeshika kamera naye alikuwa anakunywa.

Nikapunguza kasi.
Kumi na sita ni namba ya kuuzia maboksi;
tuchome kwa nne, nikasema.
Moto mkali huivisha mshikaki juu, ndani ukabaki damu.
Akaitikia kwa kichwa. Hilo analijua.
Tukafika sabini, tukafika sabini na mbili,
ndipo kinga ya virusi ikakumbuka kazi yake,
ikaanza kupekua faili moja baada ya jingine,
na leza, iliyonyoosha mkono ipewe data,
ikakuta bakuli tupu.
Leza haijui kusubiri. Uzi ukikatika, umekatika.
Ya pili nikaiwekea kikombe cha chai.

Basi nikazima kila kitu: kinga, barua pepe,
ile picha ya samaki wanaoogelea kompyuta ikisinzia,
nikachomoa kebo ya mtandao,
nikazima hata redio ya mezani, ambayo haihusiki,
lakini siku hiyo sikumwamini mtu.
Jicho la leza nikalifuta kwa pamba
na tone la pombe kali ya makapi ya zabibu.
"Jumberi naye tulimtibu hivyo hivyo," akasema.

Kisha akatoa kadi ndogo kwenye mkoba.
"Na hii. Ubatizo wa mjukuu. Jumberi anaimba."
Nafasi haitoshi, ikasema mashine.
Boksi linaahidi giga nne nukta saba,
ukipima unapata nne nukta tatu na ushee,
kama jibini ya sokoni iliyopimwa na karatasi yake.
"Itabidi tukate."
"Kata pale anapoimba."
Kimya.
"Hapana. Kata pale ninapoonekana mimi."
Sikukata. Nilizibana picha
mpaka nyuso zikaingia ukungu kidogo,
wote wakaenea.

Ya tatu ilifika mia. Ilitoka ina joto la mkate.
Akaifunga kwenye leso, akaondoka.

Saa tano usiku simu ikalia.
"Inasema hakuna diski. Nimeishika hapa mkononi,
na yenyewe inasema hakuna diski."
Nilikaa kitandani nikijilaani.
Sikuifunga.
Diski isiyofungwa husomwa na mashine iliyoiandika tu;
nyingine zote huiona nyeupe,
kana kwamba hakuna aliyewahi kusema neno.

Asubuhi alikuwa mlangoni kabla ya ufunguo wangu.
Nikamwonyesha: kiboksi kimoja, kidogo,
cha kutia alama ya vema.
"Ukishaifunga, hutaweza kuongeza kitu."
Akaweka kidole juu ya kipanya, akakiacha hapo.
Chai ilipoa. Feni ya kompyuta ilikohoa, ikanyamaza.
"Aongeze nini tena?" akasema,
akabofya mwenyewe.

Zile mbili zilizoharibika hakuniachia nizitupe.
Zimening'inia kwenye mizabibu nyuma ya nyumba yake,
kwezi wanaziogopa.
Ya kwanza bado ina asilimia tisini na saba ya Jumberi,
na upepo ukija inazunguka,
kwa kasi yake yenyewe.