Karani wa Mizani, Kijura

Mwaka wa sita huu napima majani mabichi.
Mvua ikinyesha nakata kilo mbili kila gunia,
za maji. Wachumaji hununa.
Nawaambia: kiwanda hakinunui mvua.

Na mimi, nani atanikatia?

Wiki moja nilikaa kwa ndugu watawa, kule juu.
Kengele saa tisa usiku, baridi ya Rwenzori
ikipenya mikono ya shati,
zaburi upande huu ukisoma, ule ukipokea,
kisha kimya.
Nilikipenda kimya kile hata nikakiogopa,
kama mtu aliyerudi
akakuta mlango wa nyumba yake u wazi.

Bruda Kosma hakuniuliza lolote kuhusu Mungu.
Alinipa kisu na beseni la matoke.
Siku ya nne akasema,
"Unamenya kama mtu anayewahi basi."

Mama akapiga simu: "Araali, ni Kemigisa?
Ni deni? Sema, tuuze ng'ombe."
Si deni, mama. Kemigisa aliolewa Hoima mwaka juzi;
hilo nililipima mapema,
likawa maji, nikalikata.

Saa tisa usiku. Hapa hakuna kengele,
nimeamka mwenyewe.
Mashine zanguruma, bomba ladondoka,
mbwa wa Tinkasimire habweki leo.
Nimeketi kitandani, sijaomba kitu.

Barua nimeiandika, sijaituma.
Ina siku tisa chini ya godoro.
Jani likishanyauka
ndipo husema uzito wake.