Umewahi

Mvua ya Tukuyu haipigi hodi.
Usiku ule ilishuka juu ya bati kama lori linamwaga kokoto,
mbwa akaingia uvunguni,
na Tusekile, miezi saba, akalala tu,
ngumi yake imeng'ang'ania kanga yangu.
Nikasema: mtoto mtulivu.
Nikamshukuru Mungu, mjinga mimi.

Aliyejua ni dada yangu Subilaga,
ambaye kijiji kizima kinamwita Bubu
kana kwamba hakubatizwa.
Alichukua kifuniko cha chungu,
kile cha Kikisi tulichonunua Matema,
akakiachia sakafuni, nyuma ya kisogo cha mtoto.
Vipande vitatu.
Niliruka. Kuku waliruka.
Tusekile aliendelea kunyonya kidole.
Dada akagusa sikio la mtoto,
akagusa lake,
kisha akalia kwa ile sauti yake
ambayo watu huicheka sokoni.

Mama mkwe: subiri, baba yake naye alichelewa kusema.
Mchungaji: tufunge siku tatu.
Nikafunga.
Siku ya nne nikauza mikungu minne ya ndizi, nikaenda Mbeya.

Mpimaji alikuwa kijana mwenye mafua.
Alimbandika waya kichwani akiwa usingizini,
akatazama mistari, akatazama tena.
Pole hakunipa. Alisema, "Miezi saba? Umewahi.
Wengi huniletea wa miaka saba."
Akanitandazia njia kama muuza vitenge:
vifaa vya masikioni, na betri zake;
midomo, namna ya kuisoma;
mikono, lugha ya alama.
Nikauliza ipi ndiyo yenyewe.
Akapenga kamasi.
"Zinaweza kwenda pamoja. Ila isiyotumika nyumbani
haitamfaa kitu."

Sasa vifaa hulala ndani ya kopo la mchele,
maana ukungu wa huku huingia hata kwenye kiberiti.
Betri mume wangu huzipigia hesabu kwa kilo za majani ya chai,
na akiwa njiani kurudi, kapu mgongoni,
vidole vyake hufanya mazoezi peke yake:
maziwa. moto. njoo. basi.

Na dada?
Miaka arobaini na moja.
Udongo uwahi ungali maji, walituambia,
huyu alishachomwa zamani.
Kila jioni alikaa kando ya jiko, akitazama mikono yetu
kama mtu anayetazama wenzake wakila.
Hatukumkaribisha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Hadi Jumanne moja, jua kali,
Tusekile ana miaka miwili,
amesimama mlangoni ameukazia macho Mlima Rungwe.
Akainua mikono, akaishusha,
vidole vinatetema: mvua.

Mimi na baba yake tukabishana,
lile ni wingu, au ni moshi wa mkaa?
Subilaga akainua mikono yake mikubwa yenye masizi,
akaishusha polepole, vidole vinatetema,
akamwangalia mtoto: hivi?

Hivi.

Akakimbia kuanua nguo.
Sisi wenye masikio tulilowa.