Safu ya Nne

Mimi ndiye niliyefunga mifuko.
Miaka ishirini na sita pale Hombolo,
mifuko ya kaki juu ya vichwa vya mtama,
tarehe kwa penseli, maana wino hulia mvua ikija
na penseli hubaki na neno lake.

Daktari Foibe Ndahani alinifunza kwa kibano cha nyusi:
"Ng'oa cha kiume kabla hakijapasuka.
Kingine usikiguse. Usikipumulie."
Alfajiri, kabla upepo wa Dodoma haujaamka na fujo zake,
tulikuwa washenga wa harusi zisizo na ngoma.

Kizazi cha kwanza kilirefuka, kikalala chini.
Cha pili kililiwa na kweleakwelea Jumapili moja
sisi tukiwa kanisani.
Cha tatu kiduha kilikishika miguu,
maua yake mekundu, mazuri,
kama mdai anayetabasamu mlangoni.
Cha nne sitaki kukisema.
Mvua ilikuja Desemba mara moja, ikatusahau,
na Daktari akaandika *hakuna mavuno*
kwa mwandiko uleule wa siku za mavuno.

Cha saba kikasimama.
Kifupi, kichwa kimebana kama ngumi ya mtoto,
siku tisini na tano, kimeiva.

Ndipo zikaanza safari.
Nairobi, Hyderabad, mji mmoja wa theluji
ambao jina lake alilitamka akicheka.
Makala yake, wakasema, imenukuliwa
mara elfu moja mia mbili na ushee.
Kijana wa kompyuta akanionyesha mchoro,
kilima kinachopanda kuelekea kulia.
Nikauliza: kunukuliwa ndiyo kulipwa?
"Hapana, mzee. Ni kutajwa tu."

Kutajwa.

Wiki ya kustaafu aliniita ofisini.
Maboksi, feni mbovu, chai imepoa.
Akafungua makala ile ile, jedwali la pili, safu ya nne.
"Soma."
Nikasoma: *Mzazi wa kike: mbegu ya kienyeji, Mvumi.
Mkulima: hajulikani.*

Tulijuana.
Ulikuwa mwaka wa njaa, Landrova imechemka njiani.
Sechelela Masinga alishusha kibuyu kutoka kwenye moshi wa jiko,
akatupimia kwa kiganja, viganja vitatu,
akasita, akaongeza cha nne.
Watoto wake wakikihesabu pamoja naye.
"Mtairudisha?"
Tukasema tutairudisha.

"Fomu haikuwa na nafasi ya jina," Daktari akasema.
Akakunja karatasi, akaikunjua.
"Hapana. Nafasi ilikuwepo. Nilikuwa na haraka."

Tukaenda Mvumi na kilo tano za mbegu yake maarufu.
Sechelela ana kaburi sasa, limezungushiwa mawe.
Mkwewe alitafuna punje, akatema ganda.
"Hii tunayo. Tunaiita Ya Serikali.
Imetuvusha miaka mibaya, siwezi kuitukana.
Lakini ugali wake, saa tisa tumbo linaomba tena.
Ile ya mama mnayo?
Yetu iliisha. Tuliila."

Daktari Foibe,
mwenye tuzo tatu na kilima kinachopanda kulia,
alitazama viatu vyake.

Kwenye jokofu la kituo, nyuma ya chanjo za kuku za mtu,
tuliikuta bahasha namba arobaini na moja.
Punje sitini. Nilizihesabu mara mbili.
Tukapanda thelathini, thelathini tukaziacha zilale.
Zilizoota ni kumi na moja.

Sasa vichwa vinatoka, na mimi si mwajiriwa tena,
lakini nimepanda basi la alfajiri na mifuko yangu ya kaki.
Daktari ameshika penseli.
Mkono wake unatetemeka siku hizi,
kwa hiyo anatamka, mimi naandika, mfuko baada ya mfuko,
herufi kubwa:
SECHELELA MASINGA, MVUMI.

Kwenye wa sita penseli ikakatika.
Akaninolea kwa meno.