Lumbesa

Pale Mwaloni, Kirumba, wananiita Shija Haki.
Kila asubuhi naipima mizani yenyewe kwanza,
jiwe la kilo tano, jiwe la kilo kumi,
ndipo dagaa wapande.
Aliyelowanisha gunia namrudisha juani.
Aliyejaza lumbesa namfumulia mshono mbele za watu.
Miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyewahi kusema
kidole changu ni kizito.

Lakini usiku, chumbani Kitangiri,
taa imezimwa, simu imewaka,
nilijaza lumbesa ya mwili wangu mwenyewe.

Picha ile ni ya harusi ya Mhoja.
Shati la bluu limenibana tumboni,
shingo ina mikunjo miwili ya shibe,
mkono umeshika paja la mbuzi.
Kilo tisini na nne.
Siku hizo nikipita, wauza mitumba waliniita bosi.
Sikuwa bosi. Nilikuwa na sukari, sikujua.

Sasa ni sitini na moja.
Mkanda nimeutoboa kwa msumari, matundu manne mapya.
Watu husalimia mashavu yangu kabla yangu,
“Vipi, mbona hivyo?”
na macho yao yanamalizia sentensi.
Huku kwetu mnene huulizwa anakula wapi,
mwembamba huulizwa amepima lini.

Basi Kokugonza alipoandika kutoka Bukoba,
“Nawapenda wanaume wa kujaza mlango,”
nilicheka kwa herufi, ha ha ha,
nikamtumia ile ya paja la mbuzi.
Akauliza ni ya lini.
Nikasema, juzijuzi.
Neno dogo. Uzito wake kilo thelathini na tatu.

Yeye ni fundi cherehani.
Hakunificha kitu: alisimama wima mbele ya kioo cha wateja,
futi ya kupimia shingoni,
akaandika, “Nyonga inchi hamsini na mbili,
mguu wa kushoto huvimba nikisimama sana,
usije ukasema hukuambiwa.”
Nilisoma mara tatu.
Niliupenda zaidi ule mguu.

Wiki iliyopita akasema amenishonea shati.
Kitenge cha kahawia, vifungo vya pembe.
Amekadiria kwa jicho, kwenye ile picha,
na jicho lake, anasema, halijawahi kurudishiwa nguo.
Anakuja nalo Jumamosi, kwa meli ya usiku.

Utabishanaje na shati?
Nivae fulana tatu ndani?
Haki ya Mungu nilizipanga kitandani, nikazitazama.

Alhamisi, wachuuzi walipoondoka,
niliishika ndoano ya mizani kwa mikono miwili,
nikakunja miguu.
Kijana wa barafu alicheka mpaka akakaa chini.
Nikamwambia, piga, mshale uonekane,
mbavu zionekane, mkanda na matundu yake.
Nikatuma bila salamu:
“Hii ndiyo ya leo. Ile ni ya miaka mitano. Nilikudanganya.”

Alama mbili zikageuka bluu.
Korongo akatua juu ya bati, akangoja matumbo ya sangara.
Nikaosha mizani. Nikafunga. Nikala michembe, sikuimaliza.
Saa tatu usiku akaandika:
“Nina hasira. Kitambaa changu nimemkatia mtu asiyekuwepo.”
Kisha kimya, kirefu,
mpaka mbwa wa Kitangiri wakachoka kubweka.

Karibu saa sita:
“Bega je? Tumbo huondoka, mfupa wa bega haukondi.
Nipimie. Kwa futi, siyo kwa maneno.”
Hakusema kama bado anakuja.

Mtu hawezi kujipima bega peke yake.
Nilimgongea mama mwenye nyumba, akatoka na kanga na hasira,
akavuta futi yake ya plastiki mgongoni mwangu,
akasogeza tochi.
“Kumi na saba kasorobo,” akasema.
“Andika kumi na saba tu. Nani atajua?”
“Kasorobo, mama,” nikamwambia.
“Rudia kupima. Halafu nisomee tena hiyo kasorobo.”